Nishikie Mtoto

Saumu mwanangu,

Salamu sikupi, maana asubuhi ulinipa shikamoo umeangalia ukuta, nami nikakuitikia marahaba nimeangalia sufuria, basi tuseme ile imetosha. Sasa umetoka na wifi yako Zainabu kutafuta viatu vya barafu, na mie nimemwita Njeri, huyu Mkenya wa chumba cha mbele, aniandikie. Wajua mamako kalamu hakuishika. Nimemwambia andika kila ninachosema, usinitengenezee. Amecheka, anasema, "Shosho, ukienda hivyo mbio mkono wangu utakufa ganzi." Mie si shosho wake, bibi yake yuko kwao Nyeri, lakini mtoto ana adabu na chai yangu anaipenda, basi aniite atakavyo.

Nataka tumalize kabla hamjarudi. Kila nikisikia miguu ngazini moyo unanipiga pa! Njeri anasema nitulie, ni Wachina wa ghorofa ya juu. Sitotulia.

Neno lenyewe ni la jana. Ulipokuwa unafunga begi ulisema, "Mama, kwenye treni usithubutu kunishikisha kwa mtu. Usimshike mwanamke wa watu mkono. Mie si Abdu." Kakako Hamadi akacheka, Zainabu akacheka, na mie nikacheka nao. Kisha nikaenda jikoni, nikafungua bomba, maji yakawa yanakwenda tu na sina ninachoosha.

Kwa sababu ulinijua. Nilikuwa nimeshapanga, mwanangu. Nilisema nitaingia behewani na wewe, nitatazama sura za wanawake, nitafute mtu mzima, mwenye kapu la chakula, maana mwenye kapu la chakula ametoka nyumbani kwake na akili. Nitamshika mkono, niuweke juu ya mkono wako, nimwambie kwa Kiswahili, maana kingine sina, dada, nishikie mtoto. Hivyo tu. Kisha nishuke.

Na weye umenikataza. Tangu jana nageuza geuza hilo neno. Harbin, huko unakokwenda kusoma, siku na usiku na siku tena njiani. Hamadi anasema huko ukitema mate yanafika chini yameshakuwa jiwe. Nikamwambia mwongo. Njeri naye anasema kweli, ameona kwenye televisheni, na watu wanajenga nyumba za barafu wanatia taa ndani. Sasa mtu mwenye akili anajengaje nyumba ya barafu? Na behewani hakuna hata mmoja anayemjua babako. Hiyo ndiyo inayonisumbua. Chakula na nguo mtasema na Zainabu, hayo mie siyagusi.

Mie nataka kukwambia zile Jumapili zetu. Utasema unazijua, ulikuwepo. Ulikuwepo kwa miguu yako. Kwa miguu yangu hukuwepo.

Unakumbuka tulivyofika, mwaka juzi, wakati wa baridi. Mie nilidhani baridi ni upepo tu, unajifunika kanga yanakwisha. Kumbe hapa Guangzhou baridi inakaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga. Kuta zinatoka jasho. Nguo ukianika leo, keshokutwa ukiikamua inatoa maji. Nilikuwa nalala na sweta, na baibui juu ya sweta, na koti la Hamadi juu ya baibui, na asubuhi kidole cha mguu sikisikii, nakitafuta kwa mkono. Hamadi alfajiri kashakwenda ofisini kwake Tianxiu, Zainabu kashakwenda Shisanhang kugombea mizigo ya nguo na laoban wake, yule bosi mwenye jino la dhahabu. Weye uko kwenye masomo yako ya Kichina. Mie nimebaki na mjukuu, Abdu, miaka mitatu, tumekaa kitandani tunatazamana kama kuku wanaoatamia bandani. Dirisha nimeliziba na magunia. Sijui mtu, simwelewi mtu. Nilikuwa nawaogopa, nikwambie kweli. Nikisikia wanazungumza kwenye ngazi nashika komeo.

Ndipo Hamadi akasema ile Jumapili, "Mama, nje kuna joto kuliko ndani. Tokeni, Saumu yupo leo, akutembeze."

Nikadhani mtoto kaugua kichwa. Nikavaa soksi mbili, kandambili juu yake, maana kiatu hakikuingia na zile soksi, tukatoka. Na kweli, Saumu! Jua lilikuwa barazani kwa watu wote ila kwangu. Nilikuwa nimejifungia baridi ndani, jua nikaliacha nje. Hilo nalo ni kosa langu, liweke pembeni, nitalirudia. Au silirudii, Njeri ananitazama vibaya, karatasi zinakwisha.

Tukawa watu wa Jumapili. Mara ya kwanza tulifika kwenye kona tu nikataka kurudi. Mara ya pili mtoni. Mara ya tatu ndipo ukanipeleka ile bustani ya Yuexiu, ukanipandisha ngazi mpaka magoti yakalia, kunionyesha mbuzi watano wa mawe. Nikakuuliza nani anawachunga. Ukasema, "Mama, hawa ndio walioleta mpunga mji huu." Nikakwambia mbuzi nawajua, mbuzi haleti mpunga, mbuzi anakula mpunga. Ukacheka ukakaa chini. Ile siku nilikuona unacheka hivyo mara ya mwisho kwa muda mrefu.

Kitu kimoja kilikuwa kinaniudhi. Bibi wa Kichina, yeyote, akimwona Abdu na kaptula yake anatujia, anamshika mguu mtoto, anautikisa, anatugombeza. Sauti juu, kidole puani. Mie nikasema hawa wanamsema rangi yake, au wanamtia kijicho. Nikawa namsomea. Kumbe walikuwa wanasema mguu wa mtoto una baridi, weye mama gani! Mtoto wa Tanga na kaptula yake, mie sikujua kuwa mguu wa mtoto unavishwa.

Sasa ile Jumapili yenyewe. Njeri, hapa andika vizuri.

Wingu lilikuwa limeshuka. Tulikaa kwenye benchi lile la karibu na maji. Yule mpiga picha akaja, akakuomba upige picha na wale wasichana waliotaka kupiga na mtu mweusi, ukaona haya, nikakwambia nenda, hawakuli. Ukaenda. Nikabaki na Abdu, na kwenye benchi pembeni yangu kuna bibi wa Kichina, amebeba mtoto mchanga mgongoni, amemfunga kwa kitambaa chekundu chenye maua, mbele msalaba, hasa kama sisi tunavyofunga kanga. Nikampenda kwa hicho kitambaa. Adhuhuri imeingia, nataka kwenda chooni nipate na maji ya udhu, na kile choo chao unakijua, huwezi kuingia na mtoto, atatumbukia.

Nikafanya kama kwetu. Kwetu ukiwa hospitali, ukiwa sokoni, ukiwa msibani, unamwambia aliye jirani, dada nishikie mtoto. Humjui jina, hakujui jina. Hamadi kashikwa na nusu ya Tanga. Weye mwenyewe nilikuacha kwa mama mmoja kwenye msiba pale Ngamiani, nikachelewa kwenye kukafini, narudi nakukuta umenyonyeshwa umelala. Mpaka leo simjui. Pengine una ndugu wa kunyonya huko, uwe mwangalifu na posa za Tanga.

Basi nikamshika yule bibi mkono, nikauweka juu ya mkono wa Abdu, nikaonyesha chooni, nikasema, "Nishikie mtoto, narudi." Akasema maneno, akashika mguu wa Abdu, akasema maneno tena. Nikaitikia kwa kichwa. Nikaenda.

Narudi, benchi tupu.

Njeri kaacha kuandika, ananitazama. Andika, mwanangu.

Benchi tupu, Saumu. Hata joto la kukaliwa halipo, niligusa. Nikatazama maji. Jambo la kwanza nilitazama maji, yametulia kama kioo, na hilo likanizidishia hofu. Nikakuita. Ulikuja unatabasamu na picha mkononi, ukaniona uso, picha ikaanguka. Ukaniuliza, "Abdu yuko wapi?" Nikasema, "Wamemchukua." Wamemchukua! Sikusema nimempa. Nikaanza kupiga ukelele, ukelele wa kwetu wa kuita watu. Kwetu ukipigwa, watu wanakuja na fimbo na maji. Hapa walikuja wakasimama duara, wakanitazama. Weye unakimbia huku na huku na Kichina chako cha miezi miwili, unauliza mtoto, mtoto, wanakwambia meiyou, meiyou, hakuna. Askari akaja. Anaandika. Anakuuliza mtoto kavaa nini, na weye hujui kaptula kwa Kichina, unashika miguu yako mwenyewe kumwonyesha. Na mie nafikiri Zainabu sasa hivi yuko Shisanhang anabishana bei ya suruali, anadhani ana mtoto.

Wakati ukazidi kurefuka. Sijui kiasi gani. Adhuhuri sikuisali.

Kisha watu wakafungua njia, nikamwona yule bibi anakuja polepole kwenye kile kilima, mtoto wake mgongoni, na mkononi kashika kitu kama godoro dogo lenye miguu. Lilikuwa Abdu. Kamvisha koti la pamba, na suruali ya pamba imepasuliwa matakoni kama wanavyowavisha watoto wao, na kofia, na mkononi Abdu ana andazi jeupe analitafuna. Alikwenda kwake kumvisha, mwanangu. Mie nilipomkabidhi alidhani nimesema nini, sijui mpaka leo. Pengine alidhani yule mama wa watu hana nguo za kumvisha mjukuu wake, anaomba msaada.

Nami nilifanya nini? Nilimrukia. Nikampiga Abdu mkono andazi likaruka, nasema nguruwe, nguruwe. Nikamkamata bibi wa watu ukosi wa koti nikamtikisa, mtu rika langu, mpaka mtoto wa mgongoni akaamka akalia, na Abdu akalia, na yule bibi kasimama palepale. Kaniangalia tu. Kofia yake ilianguka, nikaona mvi zake nyembamba kama zangu.

Ndipo ukajitia katikati, mbele ya askari na watu wote. Ukanishika mikono yote miwili, ukasema, "Mama, mwache! Si wewe uliyempa?"

Nikakwambia mtoto usiye na haya. Nikakwambia unamtetea mgeni unamwaibisha mzazi. Nikamtwaa Abdu tukaondoka, na lile koti, na ile kofia, hatukumwambia asante wala samahani. Njiani ulitembea mbele yetu. Na Zainabu tulipomweleza, alimkumbatia mwanawe, kisha akashika kile kitambaa cha koti, mfanyabiashara yule, akasema, "Hii pamba nzuri, ya kushonwa kwa mkono."

Usiku ule sikulala kwa lile koti. Limetundikwa mlangoni, linanitazama. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu, unajua, ukiletewa futari unarudisha na kitu ndani. Na mie nina koti la mtu, na nimemrudishia kumkwida.

Basi zile Jumapili zilizofuata, ambazo Hamadi alikuwa anawaambia watu mama anaupenda mji kweli kweli, hata mvua anatoka, zile hazikuwa matembezi. Unajua. Jumamosi nakaanga visheti, naweka kwenye kopo. Jumapili tunakwenda lile benchi na kopo na koti, Abdu kavaa suruali ndefu mbili. Tunakaa. Hayupo. Tunarudi, visheti Njeri anakula. Ndiyo Njeri, ulikuwa unakula visheti vya mtu. Jumapili nyingine tena. Baridi ikazidi, ile ya mvua nyembamba isiyonyesha wala kukoma. Vibibi vingine vya pale vilikuwa vimeshatujua, vikituona vinahama benchi na wajukuu wao. Vinahama, Saumu! Mie ndiye mwizi wa watoto sasa. Na weye ulikuwa unakaa mwisho wa benchi, umejikunyata, hutaki mtu akusogelee, mtu akikusalimia unainama. Nilidhani ni baridi. Haikuwa baridi. Ulikuwa umejifunza kitu kwangu siku ile, na kilikuwa kitu kibaya: kwamba mtu unampa moyo wote asubuhi, na adhuhuri unamkamata ukosi.

Mpaka mwaka wao mpya ukakaribia, watu wanabeba miti ya maua na machungwa madogo kwenye baiskeli, ndipo tukamwona. Alikuja, mtoto mgongoni. Akatuona. Akasimama. Akageuka arudi alikotoka.

Nimwite nani, jina lake silijui. Nikikimbia atasema namrukia tena. Ni Abdu aliyenichomoka, akakimbia kwa zile suruali zake mbili, akaanguka, akaamka, akamshika yule bibi mguu. Bibi akainama. Na kitu cha kwanza, wallahi, kitu cha kwanza alichofanya ni kumpandisha mtoto suruali kutazama mguu una nini. Akakuta suruali nyingine. Akaangalia kwangu. Akatikisa kichwa hivi, kama mtu anayesema, haya, angalau.

Nikampelekea koti limekunjwa na kopo la visheti juu, kwa mikono miwili. Weye ulikuwa umesimama nyuma yangu, nikasikia unamwambia maneno ya Kichina. Sikukuuliza umesema nini. Akapokea. Akakaa kwenye benchi, nami nikakaa. Tukatazama maji.

Kisha akafungua kile kitambaa chekundu. Akamtoa mtoto mgongoni, yuko usingizini, akanipa. Akanionyesha chooni. Akaenda. Hakugeuka nyuma.

Saumu, mie nimezaa, nimelea, nimeshika watoto wa mji mzima, lakini sijapata kushika mtoto mzito kama yule. Nilikuwa sipumui. Vile vibibi vyote vinanitazama. Na kwa mbali namwona askari anakuja, na kila hatua yake naisikia kwenye mbavu. Ukasema, "Mama, nimweleze?" nikakwambia nyamaza, usimwamshe mtoto. Askari akafika. Akanitazama, akatazama mtoto wa Kichina kwenye kanga yangu, akatazama huku na huku. Na bibi harudi. Nikajiambia, akija sasa anikamate ukosi, nitasema nini? Mtu kakaa tu kwenye benchi na mtoto wa watu, kosa lake nini? Kosa lake kukubali. Hapo ndipo niliona siku ile yeye alivyokuwa amesimama mbele yangu.

Alirudi anafuta mikono. Akamwambia askari maneno mawili, askari akaenda zake. Bibi akachukua mtoto, akauma kisheti, akakunja uso kwa utamu, kilichobaki akakitia mfukoni. Jumapili iliyofuata alikuwepo, na iliyofuata, mpaka joto likarudi.

Sasa lile neno lako. Ulinisuta mbele ya watu, si wewe uliyempa, na sikukujibu, nikakutukana. Tumepika pamoja tangu hapo, tumecheka, lakini jibu sikukupa, na kesho unaondoka nalo. Jibu ni ndiyo. Ni mimi niliyempa. Na nilifanya vizuri kumpa. Nililokosa ni lile la pili, la kumkamata ukosi.

Na kesho usiogope, nimekusikia. Mikono yangu nitaitia mifukoni mwa koti la Hamadi na sitamshika mwanamke wa watu yeyote. Nitasimama chini, kwenye jukwaa la stesheni, mpaka treni iondoke. Kama nitamtazama mwenye kapu la chakula, nitamtazama tu, macho huwezi kunikataza.

Njeri anasema hizo ngazini ni sauti zenu, Zainabu anacheka. Basi upesi.

Njia ni ndefu na watu ni wengi. Patakuwa na mwanamke humo, kachoka, anataka kwenda chooni au kuchota maji ya moto, anatazama sura za watu kama nilivyotaka kuzitazama mie. Atakutazama mara mbili, mgeni, mweusi, umejikunyata dirishani. Kisha atakuwekea mtoto wake mapajani, atasema maneno utakayoelewa nusu, aende. Usinitafute dirishani, nitakuwa mbali. Mshike. Mfunike miguu. Na usiinuke hapo mpaka mamake arudi.

Mamako